Dawa za Ukoo Mmoja, Kazi Mbalimbali



Wapenzi wasomaji, mwezi huu tunajibu swali tuliloulizwa Gitting, wilayani Hanang. Misa ya Jumapili ilikuwa imekwisha nasi tulikuwa tumesimama juani tupate joto kidogo, maana wanaoifahamu Gitting wanaijua baridi yake. Mama mmoja alitujia na vitu vitatu alivyovifunga kwenye kitambaa. Cha kwanza kilikuwa pakiti ya vidonge vya prednisoloni, ambavyo mtoto wake alipewa hospitalini kwa ajili ya pumu. Cha pili kilikuwa kikaratasi chenye vidonge vidogo vyeupe visivyo na jina, ambavyo baba mkwe wake alikuwa akivinunua mnadani kwa ajili ya magoti. Cha tatu kilikuwa tyubu ya krimu ambayo mdogo wake hujipaka usoni ili awe mweupe. Daktari alikuwa amemwambia kwamba krimu ile na dawa ya mtoto ni za ukoo mmoja, ukoo wa steroidi, na kwamba kwa dalili alizoziona kwa mzee, hata vile vidonge visivyo na jina ni vya ukoo huohuo.

"Sasa," akatuuliza, "dawa moja inawezaje kumponya mwanangu, kumwangusha baba, na kumharibu mdogo wangu uso?"

Kabla ya kujibu, tueleze yaliyompata mzee, kwa maana tunaamini nyumba nyingi za parokia zetu zina mzee kama huyo. Alivitumia vidonge vile karibu miezi minane. Ndani ya siku mbili tatu za kwanza magoti yaliacha kuuma, akarudi kuchunga. Baada ya muda uso ulinenepa ukawa wa mviringo kama mwezi, na tumbo likajaa. Watu wakampongeza, wakasema dawa imemkubali. Hakuna aliyejali kwamba mikono na miguu yake ilikuwa inakonda wakati uso unanenepa. Ulipofika wakati wa kuvuna mahindi yule muuzaji hakuonekana mnadani, vidonge vikaisha. Siku ya nne mzee hakuweza kuinuka kitandani. Akatapika, akawa baridi, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Wengine nyumbani walikwisha kusema amelogwa. Bahati njema mjukuu wake alileta pikipiki, wakamfikisha hospitali. Huko alitundikiwa dripu na kuchomwa sindano ya hidrokotisoni, ambayo nayo ni steroidi, na jioni ya siku hiyohiyo akaomba uji.

Yaani aliangushwa na steroidi, akainuliwa na steroidi. Ili kulielewa jambo hili inatubidi tuitazame dawa yenyewe ilivyojengwa.

Wafugaji wa nyuki watatusaidia. Chukua kipande cha sega. Kila kijumba cha sega kina pembe sita. Fikiri sasa vijumba vitatu vilivyoshikana, na pembeni yake kimeongezwa cha nne, lakini hicho kina pembe tano tu. Huo ndio mfano wa kiunzi cha steroidi. Kwenye kila pembe imekaa atomi moja ya kaboni, na kwa kuwa vijumba vinashirikiana kuta, pembe zote kwa jumla ni 17. Wataalamu wamezipa pembe hizo namba, kama nyumba za mtaa, ili wakisema namba 11 kila mmoja ajue ni wapi. Kiunzi hiki ni kilekile kwa ukoo mzima. Kinachotofautisha ndugu mmoja na mwingine ni vitu vidogo vilivyoning'inizwa kwenye pembe hizo: hapa oksijeni, pale haidrojeni, kule kaboni moja iliyochomoza.

Mwili wetu wenyewe hutengeneza steroidi kila siku, tena malighafi yake ni kolesteroli, yale mafuta ambayo tumezoea kuyasikia yakitajwa kwa ubaya tu. Bila kolesteroli hakuna hata moja ya homoni hizi. Tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, ziitwazo adrenali, hutengeneza kotisoli na aldosteroni. Anayechinja mbuzi huziona ndani ya mafuta yanayozunguka figo, ingawa wengi huzitupa pamoja na mafuta hayo bila kujua ni nini. Korodani hutengeneza testosteroni. Ovari hutengeneza estradioli na projesteroni, na projesteroni ndiyo inayoutayarisha mji wa mimba na kuishikilia mimba isitoke.

Tazameni jinsi tofauti ilivyo ndogo. Testosteroni, homoni ya kiume, ina atomi 19 za kaboni. Estradioli, homoni ya kike, ina 18. Mabadiliko yote yako kwenye kijumba cha kwanza: kaboni moja iliyokuwa imechomoza imeondolewa, na vifungo vya kijumba hicho vimepangwa upya hata kikawa bapa. Oksijeni zote mbili zimebaki mahali pale pale. Kwa badiliko hilo homoni inayomjengea fahali shingo nene na nundu inakuwa homoni inayomkuza matiti msichana. Kila mfugaji amekwisha kuona kazi ya testosteroni kwa macho yake, kwa kumlinganisha fahali na maksai aliyehasiwa akiwa mdogo. Na jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba ovari za mwanamke hutengeneza kwanza homoni za kiume, kisha huzigeuza kuwa za kike. Habari ya ubavu wa Adamu tunawaachia makatekista. Sisi tunaeleza ya ovari tu.

Kwa nini tofauti ndogo hivyo ilete matokeo makubwa hivyo? Kwa sababu homoni hufanya kazi kama ufunguo. Ndani ya seli za mwili mna protini ziitwazo vipokezi, nazo ni kama kufuli. Kipokezi cha kotisoli kina tundu la umbo la kotisoli, na cha estradioli kina tundu la umbo la estradioli. Ufunguo ukiongezwa jino moja au kupunguzwa, hauingii, au unaingia kwenye kufuli nyingine kabisa.

Steroidi ina sifa nyingine inayotokana na umbile lake: ni kitu cha mafuta. Ukuta wa seli nao ni wa mafuta, kwa hiyo steroidi hupenya bila kubisha hodi. Hapo inatofautiana na insulini ya wagonjwa wa kisukari. Insulini ni protini, tumbo huisaga kama linavyosaga nyama, ndiyo maana huchomwa kwa sindano. Tena haiingii ndani ya seli, bali hubisha mlangoni. Prednisoloni humezwa, hupita tumboni salama, huingia kwenye damu, na kutoka kwenye damu huingia ndani ya seli. Steroidi nyingine hupita hata kwenye ngozi. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, nayo huzipitisha kwa wingi zaidi. Jambo hili mlikumbuke, tutalirudia.

Steroidi ikishakutana na kipokezi chake, wawili hao huenda pamoja hadi kwenye kiini cha seli, mahali yanapotunzwa maandishi ya urithi tuliyopata kwa wazazi. Hapo huamrisha: protini hii itengenezwe zaidi, ile isitishwe. Kazi hiyo huchukua muda. Ndiyo sababu mtoto wa pumu akimeza prednisoloni hapati nafuu papo hapo, bali baada ya saa kadhaa, na ndiyo sababu hospitali humpa pia dawa ya kuvuta inayofungua kifua kwa dakika chache. Mama asiseme dawa ya kumeza haifai kwa kuwa mtoto bado anakoroma kifuani baada ya nusu saa. Kila moja ina mwendo wake.

Hapo sasa tunalikaribia jibu la mama wa Gitting. Kufuli ya kotisoli haiko kwenye mapafu tu. Iko karibu katika kila seli ya mwili. Prednisoloni ikiingia, inazifungua zote. Kwenye mapafu na magoti inatuliza uvimbe. Kwenye ini inaongeza sukari. Kwenye mifupa inapunguza ujenzi, mifupa inakuwa myepesi. Kwenye misuli ya mikono na miguu inabomoa nyama. Kwenye ngozi inapunguza nyuzi zinazoishikilia, ngozi inakuwa nyembamba. Kwenye askari wa mwili wanaopambana na wadudu wa magonjwa, inawalaza usingizi. Hakuna namna ya kuiambia iende magotini tu, iache mifupa.

Ukoo huu ulifikaje dukani? Habari yake ni ndefu, na sehemu yake moja imepita hapa kwetu Afrika Mashariki, ingawa wachache wanaijua.

Tarehe 21 Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, mwanamke wa miaka 29 aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi alichomwa sindano ya kitu kilichokuja kuitwa kotisoni. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Edward Kendall, Philip Hench na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za adrenali. Ulimwengu ulishangilia, lakini dawa yenyewe ilipatikana kwa taabu. Ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ilihesabiwa kwamba dawa ya mgonjwa mmoja kwa siku moja ilihitaji nyongo ya ng'ombe wapatao 40. Sisi watu wa Mbulu na Hanang tunaojua thamani ya ng'ombe tunaweza kupiga hesabu hiyo.

Taabu kubwa ilikuwa oksijeni moja. Kotisoni inataka oksijeni kwenye pembe namba 11. Bila hiyo, ufunguo haufungui. Nyongo haina oksijeni mahali hapo. Inayo kwenye namba 12, nyumba ya jirani, na kuihamisha hatua hiyo moja kulikula muda na mali nyingi. Wakati huo huko Mexico Russell Marker alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba viazi vya porini vina kiunzi cha steroidi, na vilitumika kutengeneza projesteroni kwa bei nafuu. Lakini na vyenyewe havikuwa na oksijeni karibu na namba 11. Mwaka 1952 watafiti wa Marekani walipata njia: ukungu, wa jamii ileile inayoota kwenye mkate uliolala, ulilishwa projesteroni nao ukaipachika oksijeni kwenye namba 11 bila shida.

Waingereza walifuata njia nyingine. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley walitoa taarifa kwamba mkonge una steroidi iitwayo hekojenini. Mkonge wenyewe uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ilitumwa miche 1,000 kutoka Florida na ikafika Tanga hai 62 tu. Kufikia miaka ya 1950 mashamba ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalikuwa yamejaa mkonge, na manamba walikuwa wakikata majani usiku na mchana. Katika kila jani, nyuzi za kamba ni kama sehemu 4 au 5 tu kwa mia. Maji na nyama ya jani yalikuwa takataka, yalitiririshwa mitaroni na kunuka. Ndani ya takataka hizo ndimo ilimokuwa hekojenini, nayo ina oksijeni kwenye namba 12, kama nyongo, lakini ikiwa imekaa kwa namna iliyo rahisi zaidi kuisogeza hadi 11. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea kotisoni, na baadaye betamethasoni. Kwa hiyo mkonge ule tunaoupanda mpakani ili mbuzi wa jirani wasiingie shambani una undugu na tyubu aliyotuonyesha yule mama. Msiende kuukamua mkajipaka, tafadhali. Maji yake huwasha ngozi, na hekojenini peke yake haitibu kitu.

Kotisoni nayo ilikuwa na fumbo lake. Waganga walipoichanganya kwenye mafuta na kuwapaka wagonjwa wa ngozi, haikufanya kitu. Walipopaka hidrokotisoni, ambayo ndiyo kotisoli yenyewe, ngozi iliyovimba ikatulia. Tofauti kati ya hizo mbili ni atomi mbili za haidrojeni, na moja ya hizo iko kwenye ileile oksijeni ya namba 11. Kotisoni ni ufunguo ambao haujachongwa jino la mwisho. Ukiimeza, ini ndilo linalolichonga jino hilo, kisha inafanya kazi. Ngozi haina uwezo wa kutosha wa kulichonga.

Tangu hapo wataalamu wakawa kama mafundi wa funguo. Katikati ya miaka ya 1950 waliongeza kifungo kimoja kwenye kijumba cha kwanza cha kotisoli, ikawa prednisoloni: nguvu ya kutuliza uvimbe ikaongezeka mara nne, na tabia ya kuzuia chumvi na maji mwilini ikapungua. Walipopachika atomi ya florini kwenye namba 9, nguvu iliongezeka sana, lakini na chumvi ilizuiliwa sana, wagonjwa wakavimba miguu. Ndipo ikagunduliwa kwamba kaboni moja ikiongezwa kwenye namba 16 inaondoa tatizo la chumvi. Hivyo ndivyo zilivyopatikana deksamethasoni na betamethasoni. Hizo mbili ni kama mapacha. Zina atomi zilezile kwa idadi ileile. Tofauti ni kwamba ile kaboni ya namba 16 kwa mmoja imeelekea chini, kwa mwingine imeelekea juu.

Kwa matumizi ya nyumbani, hesabu muhimu ni hii: miligramu 20 za hidrokotisoni, miligramu 5 za prednisoloni, na robo tatu ya miligramu moja ya deksamethasoni, zote zina nguvu sawa ya kutuliza uvimbe. Tena deksamethasoni hukaa mwilini ikifanya kazi zaidi ya siku moja na nusu. Vidonge hivi vyote ni vidogo, na vingi ni vyeupe. Anayesema "nipe vile vidogo vya maungo" hajui amepewa kipi, na muuzaji wa mnadani mara nyingi naye hajui. Anayemeza miligramu 5 za deksamethasoni akidhani ni prednisoloni amemeza karibu mara saba ya alichokusudia.

Kuna mahali ambapo tofauti hiyo ya umbile ni neema tupu. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachomlinda mtoto tumboni na kotisoli nyingi ya mama. Kinafanya nini? Kinaondoa zile haidrojeni mbili tulizozitaja, kotisoli inarudi kuwa kotisoni isiyo na nguvu. Prednisoloni nayo hukamatwa hapo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mama mjamzito mwenye pumu anaweza kutibiwa nayo na mtoto akafikiwa na kiasi kidogo tu. Lakini florini ya deksamethasoni na betamethasoni inazikinga na kimeng'enya hicho, nazo hupita zikiwa na nguvu zake hadi kwa mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Graham Liggins wa New Zealand, akiwa anachunguza uchungu wa kuzaa kwa kondoo, aliona kwamba wanakondoo waliozaliwa kabla ya wakati baada ya kupata steroidi waliweza kupumua, ambapo alitarajia wafe. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie walichapa matokeo yao kwa akina mama. Mwaka 2020 utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba hata katika hospitali za nchi zetu sindano za deksamethasoni kwa mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati hupunguza vifo vya watoto wachanga, mradi hospitali iwe na uwezo wa kumtunza mama na mtoto. Sindano hizi si za kuchomwa nyumbani, bali za hospitali, na ni sababu mojawapo ya kumwahisha hospitali mama anayeumwa uchungu akiwa na miezi saba, badala ya kungoja kukuche.

Mwaka huohuo wa 2020 deksamethasoni ilisikika tena, wakati wa Uviko. Iliokoa wagonjwa waliokuwa wamezidiwa hata wakawekewa oksijeni. Wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Hata hivyo tulisikia watu wanaimeza nyumbani kwa mafua.

Sasa tuje kwenye krimu ya mdogo wake. Betamethasoni iliongezewa kipande cha mafuta kwenye namba 17 ili ipenye ngozi vizuri zaidi, na tangu miaka ya 1960 imewasaidia watu wengi wenye magonjwa ya ngozi. Klobetasoli, iliyokuja baadaye, imo katika kundi la zenye nguvu kuliko zote. Daktari akiiandika, huiandika kwa majuma machache, ipakwe nyembamba, tena mara nyingi si usoni. Weupe unaotafutwa ni mojawapo ya madhara yake: mishipa midogo ya damu inabana na ngozi inapunguza kutengeneza rangi. Baada ya miezi ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inaonyesha mishipa, inaota chunusi, michirizi inatokea mapajani na makwapani. Fangasi waliokuwa wamejificha wanaenea. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kuleta ugonjwa wa macho unaopofusha. Ukiacha, uso unawaka na kuwasha, kwa hiyo unarudia. Tumewahi kuona pia akina mama wanaompaka mtoto mchanga krimu hiyo penye wekundu wa nepi kwa sababu wekundu hutoka upesi. Kumbukeni tuliyosema juu ya ngozi ya mtoto: dawa hiyo inaingia kwenye damu yake. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, lakini bado vinauzwa. Ukiona kwenye boksi neno clobetasol au betamethasone, hicho ni dawa ya hospitali hata kama boksi lina picha ya msichana mzuri.

Tumrudie mzee. Adrenali zake hupokea amri kutoka kwa tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo hupima damu, ikiona kotisoli imepungua hutuma amri itengenezwe. Kipimo hicho hakibagui; prednisoloni ikiwa imejaa kwenye damu, tezi huiona kuwa ni kotisoli ya kutosha, haitumi amri. Miezi minane adrenali zisipoamriwa zinasinyaa, kama jembe lisilotumika linavyoshika kutu. Vidonge vilipokatika ghafla, mwili ulikuwa hauna kotisoli ya kununua wala ya kujitengenezea. Bila kotisoli shinikizo la damu linaanguka, sukari inashuka, mtu anatapika na kuishiwa nguvu, na anaweza kufa kwa siku chache. Wala hakuna aliyemloga.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, kama nyumbani kuna mtu ambaye ametumia vidonge hivi zaidi ya majuma matatu, msimkataze ghafla baada ya kusoma ukurasa huu. Huo ndio usiku wa hatari. Aendelee navyo, apelekwe kituo cha afya au hospitali, na vidonge vyenyewe vipelekwe hata kama havina jina. Huko dawa itapunguzwa kidogo kidogo. Akipata homa kali, ajali, au akihitaji operesheni katika muda huo, mwambieni mganga mapema kwamba alikuwa anatumia steroidi, kwa kuwa mwili mzima huongeza kotisoli wakati wa shida na wake hauwezi. Akiwa anakohoa zaidi ya majuma mawili apimwe kifua kikuu, maana steroidi huwalaza wale askari tuliowataja na ugonjwa uliokuwa umelala huamka. Apimwe pia sukari.

Mtoto wa pumu ni habari tofauti. Siku tatu au tano za prednisoloni hazilazi adrenali, na mama asiziogope. Ampe dozi yote kama alivyoandikiwa, asubuhi baada ya chakula, kwa kuwa ndiyo saa ambayo hata mwili hutoa kotisoli yake kwa wingi. Asihifadhi vilivyobaki kwa ajili ya babu.

Yule mama tuliachana naye akiwa amevifunga vitu vyake kwenye kitambaa. Krimu alisema ataizungumzia na mdogo wake wakiwa wawili tu, si mbele ya watu, nasi tuliona ni busara. Mzee alikuwa ameketi kwenye gari la punda kandoni mwa njia, uso bado wa mviringo kidogo, mkononi ameshika karatasi ya hospitali iliyoandikwa kila juma ameze vidonge vingapi hadi afikie nusu kidonge. Alituuliza kama magoti yatauma tena. Tukamjibu kwamba yatauma, na kwamba zipo dawa nyingine za magoti ambazo daktari atamweleza siku ya kurudi. Alicheka, akasema kama ni kuuma yameuma tangu wakati wa Azimio la Arusha.